Mwacheni kitatange atoke demani

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako, na ikiwa nitaomba kubwa kuliko kawaida uniwie radhi, maana jambo hili nimekaa nalo wiki mbili.

Wiki mbili nyuma mlitoa picha ya dema, mtego wetu wa samaki wa kusuka kwa mwanzi, lililopakuliwa ufukweni. Pembeni, juu ya mchanga, walikuwa wamelala samaki wadogo wa manjano, na chini ya picha mkaandika kuwa ni samaki wa mapambo wasio na kazi kwa mvuvi. Gazeti lile lilisomwa barazani kwetu mkono kwa mkono. Wapo waliolipita neno hilo kama walivyolipita tangazo la saruji. Mimi lilinikaa. Samaki wale wana jina, wanaitwa vitatange, na wengine huwaita vipepeo. Nilivyowatazama kwa miwani walikuwa wanne, wa aina mbili, kila mmoja na mwenzake. Aliyewatupa pale mchangani alitupa nyumba mbili.

Mimi ni msusi wa dema hapa Wesha, Pemba. Nilianza na miaka 11, nikimshikia marehemu baba pao za mwanzi naye akizifunga, na mwaka huu natimiza 68. Nimetega Misali, nimetega Makoongwe, nimetega kwenye miamba ya Kisiwa Panza. Kwa hiyo simsemi mvuvi wa dema nikiwa mtu wa nje. Vitatange wengi waliokufa ndani ya madema upande huu wa kisiwa wamekufa ndani ya kazi ya mikono yangu, na ndiyo sababu naandika.

Baba alikuwa na kanuni moja. Dema likishapandishwa chomboni, kabla hujamgusa tasi wala changu, toa vitatange kwanza uwarudishe majini. Hakunieleza kwa nini. Nilipomuuliza alinijibu kwamba wenye mwamba hawachukuliwi, basi. Miaka ile nikidhani ni mambo ya mizimu.

Anayetaka kumjua kitatange amshike, lakini amshike ubavuni. Mgongoni ana miiba zaidi ya kumi, na akishtuka huisimamisha yote. Mkono wangu wa kushoto una alama zake. Ukimlaza kiganjani utaona mwili wa mviringo kama kisosi, na mwembamba kama kisosi vilevile. Mkubwa ninayemkuta mimi ni yule mweupe mwenye mistari ya mshazari na sehemu ya nyuma ya manjano, ambaye huweza kufika sentimita 23, na akikomaa pezi lake la mgongoni hutoa uzi mrefu unaompepea nyuma kama mkia wa tiara. Wengi wao ni wa nusu shubiri tu. Mgeuze akutazame uso kwa uso, utaona hakubaki samaki, umebaki mstari. Wembamba huo ndio humpitisha katikati ya matawi ya matumbawe, mahali ambapo changu hapitishi hata kichwa.

Mdomo wake umechongoka, umebanwa kama wa mtu anayepuliza makaa. Pitisha kucha ndani yake: meno hayachomi, yamesimama pamoja kama nywele za burashi. Wataalamu waliona hayo hayo, wakampa jina Chaetodon, maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nywele na jino. Duniani kuna aina zaidi ya 120 za vitatange wa ukoo huu, na karibu wote wako kwenye bahari za joto, kwenye miamba kama yetu.

Jicho lake lina habari yake. Karibu kila kitatange ana mstari mweusi unaoshuka kutoka utosini, ukapita juu ya jicho mpaka chini ya kidevu, na jicho likapotea humo. Kisha baadhi yao, akiwemo huyo mwenye uzi, wana doa jeusi la mviringo kule nyuma karibu na mkia. Adui anayevizia huona jicho mahali lisipokuwepo na hulenga huko. Nimewahi kupandisha vitatange ambao pezi la nyuma limenyofolewa pale pale kwenye doa, kidonda kimeshapona, samaki mzima. Aliyemrukia aliondoka na kipande cha pezi.

Sasa nieleze lililonibadilisha. Mwaka 2014 nilizamia kutazama dema langu, maji ya pima nne, nje ya Misali upande unaoruhusiwa kuvua. Ndani mlikuwa na tasi wanane na kitatange mmoja, yule mwenye mistari myembamba ya zambarau iliyolala ubavuni na shina la mkia la rangi ya chungwa. Mwenzake alikuwa nje. Alikuwa akilizunguka dema, na kila alipofika upande aliopo wa ndani wote wawili walisimama, pao moja katikati yao. Nilipanda kuvuta pumzi nikashuka tena, nikamkuta yuko pale pale. Nikapanda mara ya pili. Vijana chomboni wakaniuliza kama kamba imekwama, nikawaambia wanipe kisu. Nilishuka nikakata kipande cha pao moja. Yule wa ndani hakufikiri mara mbili, alijilaza ubavu akatoka kama barua inavyopita chini ya mlango, na wakaondoka wawili kuelekea kwenye tumbawe lao bila kutazama nyuma. Tasi wote wanane walibaki.

Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba wengi wa jamii hii huishi hivyo, dume na jike, kwa miaka, wakilinda kipande chao cha mwamba na kufukuza jirani anayevuka mpaka. Hata kusikia kwao ni kwa aina yake. Mfuko wa hewa unaowasaidia kuelea una pembe mbili mbele, zinazofika karibu na ule mstari wa pembeni ambao samaki hutumia kuhisi mtikisiko wa maji, na nyumba mbili za jirani huonyana kwa kupiga mkia na kutikisa mwili. Bahari tunayoiita kimya haiko kimya kwao.

Aliyenieleza mwanzo kabisa alikuwa bibie mmoja mtafiti. Mwaka 1999 nilikuwa nikiwachukua watafiti kwa mashua kwenda Misali, kile kisiwa ambacho wazee walitusimulia kuwa Nabii Hadhara alikosa msala wa kusalia, akasema kisiwa hiki kitakuwa mithili ya msala. Bibie yule alizama na kibao cha plastiki na penseli, akatoka nacho kimejaa mistari. Nikamuuliza anahesabu nini, akasema vitatange. Nikashangaa mtu kutoka mbali, na mitungi mizito namna ile, kuja kuhesabu samaki ambaye hata paka wa Wesha hababaiki naye. Akaniambia: "Huyu ndiye anayekula tumbawe, baba. Nikimhesabu yeye nusu ya kazi ya kulihesabu tumbawe imekwisha."

Na kweli wanakula tumbawe, ingawa si kama pono. Pono humega jiwe lenyewe akalisaga, na mchanga mweupe tunaoukanyaga Misali sehemu yake imepita tumboni mwa pono. Kitatange haligusi jiwe. Hudonoa polipu, yule mnyama mdogo laini aliyekaa ndani ya kila kijitundu cha tumbawe, mmoja mmoja, asubuhi mpaka jioni, na tumbawe lenye afya huotesha tena alichokula. Lakini hawalingani kwa ugumu wa maisha. Mweupe mwenye uzi hula vingi, minyoo, mwani, polipu, chochote kidogo kilichojificha. Yule wa mistari ya zambarau riziki yake ni tumbawe tu. Na yupo mwingine, mrefu kidogo, ubavuni ana mistari iliyokunjwa kama mishale, ambaye hukaa juu ya tumbawe la umbo la meza, karibu haonji kingine, na humfukuza kila anayesogea. Meza hiyo ikifa, huyu hana pa kwenda.

Meza zilikufa mwaka 1998. Wavuvi wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Ulikuwa mwaka wa El Nino, na kati ya Machi na Mei maji yalikuwa na joto ambalo ukijitumbukiza hupati nafuu. Matumbawe yakawa meupe, meupe ya chokaa, mpaka kina nilichoweza kuzamia. Vijana walisema bahari imepambwa. Tulikuja kuelezwa kwamba ndani ya polipu hukaa mimea midogo sana inayolilisha tumbawe na kulipa rangi, na joto likizidi tumbawe huitoa. Likikaa bila mimea hiyo muda mrefu hufa kwa njaa. Baada ya weupe ukaja mwani, na baada ya mwani mengi yakawa kifusi.

Vitatange hawakutoweka siku ile ile. Walibaki, na nakumbuka niliona wametulia. Ule ugomvi wao wa mpakani haukuwepo; wawili wa aina tofauti walipishana juu ya tumbawe moja wala hawakushughulikiana. Niliwaambia wenzangu kwamba hata samaki wamepata adabu. Mwaka jana binti wa kaka yangu, ambaye anasoma sayansi ya bahari chuo kikuu, alinisomea kwenye simu utafiti uliofanywa Japani, Ufilipino, Indonesia na Kisiwa cha Christmas. Watafiti walikuwa wakihesabu ugomvi wa vitatange, likaja joto la mwaka 2016 wakiwa kazini. Matumbawe yalipokufa, ugomvi ulipungua kwa theluthi mbili. Samaki hawakuwa na chakula, wakaacha kupigana ili wasipoteze nguvu kidogo zilizobaki. Aliponisomea hapo nilimwomba anyamaze kwanza. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa macho yangu miaka zaidi ya 25 iliyopita, nikayaita adabu, kumbe nilikuwa natazama njaa.

Ndiyo maana neno "mapambo" limeniumiza. Mvuvi anayejua kusoma vitatange anajua hali ya mwamba wake kabla hajatega. Nikizamia mahali nikakuta wale wa zambarau wawili wawili na yule wa mishale yuko juu ya meza yake akinifukuza hata mimi, najua tumbawe liko hai, na penye tumbawe hai pana maficho ya vifaranga vya changu, chewa na kangaja. Nikikuta weupe wenye uzi peke yao, hao wanaokula kila kitu, najua mwamba unaumwa. Kwa kusoma hivyo situmii shilingi.

Na lipo moja ambalo gazeti la Zanzibar lingepaswa kuwa la kwanza kulijua. Miaka ya 1860, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, Playfair, alikusanya samaki wa maji yetu, na yeye na Günther wa makumbusho ya London wakawaandikia kitabu. Humo mna kitatange mdogo, wa manjano mwili mzima, mstari mweusi juu ya jicho na doa moja jeusi ubavuni karibu na mgongo. Hazidi sentimita 12. Jina alilopewa, na analoitwa mpaka leo kila mahali duniani, ni Chaetodon zanzibarensis. Naye hula polipu. Katika ile picha yenu, wale wawili wa kushoto, walio na doa moja ubavuni, nina hakika ni yeye. Gazeti letu limempiga picha samaki mwenye jina la nchi yetu, amekufa mchangani, likaandika hana kazi.

Wapo wanaoniambia bahari ni kubwa, wakifa hawa watakuja wengine. Watakuja, ila si kama maji yanavyorudi bamvua. Jioni, jua likizama, jike na dume hupanda juu kidogo ya mwamba wakaachia mayai na mbegu majini, mayai madogo yasiyoonekana yakachukuliwa na mkondo. Kinachototoka hakifanani na kitatange. Kichwa chake kimevikwa mabamba ya mfupa kama kofia ya askari, na huelea hivyo baharini wiki nyingi, kila mwenye mdomo akimtafuta. Wachache wanaosalia hushuka mwambani usiku, wakavua ile kofia na kuvaa rangi. Kila wawili mnaowaona wameoana Misali wamepita huko. Hata wakishakuwa wakubwa usiku una hofu yake. Ukimulika utawakuta wamejibana kwenye nyufa, rangi zimefifia na mabaka ya kiza yamewatoka, hutawatambua kuwa ndio wale wa mchana.

Sasa kuhusu dema lenyewe. Tangu siku ile ya kisu nasuka kila dema na mwanya, na nauweka kwenye pembe mbili zilizo mbali na mlango. Upana ni vidole viwili vilivyobanana, urefu shubiri moja na zaidi kidogo, umesimama wima kwa sababu kitatange ni mrefu wa kwenda juu na mwembamba wa ubavu. Pao za kando ya mwanya nazifunga mara mbili, zisilegee samaki wakubwa wakapanua. Hakuna gharama inayoongezeka, mwanzi unapungua.

Jambo hili sikulianzisha mimi pekee. Madema yenye mianya yamejaribiwa Kenya, kwenye miamba iliyovuliwa sana kuliko yetu, na yalileta samaki wenye miili mikubwa zaidi bila kumpunguzia mvuvi kipato. Binti wa kaka yangu ndiye aliyenisomea na hilo, na nilifurahi kama niliyepata ndugu.

Mwenzangu mmoja ambaye tumetega pamoja tangu ujana hakukubali. Alisema tasi wake watatoka. Ni kweli, tasi wadogo hutoka. Mwezi wa kwanza alinirudishia madema mawili, akataka niyazibe, nami nikayaziba kwa sababu ni mali yake. Baada ya maji mafu mawili alikuja mwenyewe akaniambia niyafungue. Alikuwa amechoka kupandisha dema lililojaa vitatange na vifaranga, kuchomwa miiba, kuwatoa mmoja mmoja, na mnadani asipate cha kuuza. Tasi aliotaka kuwauza walikuwa wakibaki humo humo. Mimi nitaongeza jambo ambalo yeye hakulisema: kumtoa kiumbe baharini usiyemla wala humuuzi, ukamwacha afe juani, ni israfu, na masheikh wetu walishatueleza hukumu yake tangu Misali ilipowekwa chini ya hifadhi.

Habari yenu iligusia pia kwamba samaki hawa wanaweza kuuzwa nje wakawekwa kwenye vioo. Hao wanaokula tumbawe tu hawaishi huko. Utampa nini? Wengi hukataa kila chakula na hufa kwa njaa mbele ya macho ya aliyewanunua. Asimpeleke mtu kijana wetu kuvunja matawi ya tumbawe kuwatafuta.

Ninaomba mambo mawili. Kwako Mhariri, toeni tena picha ile ile na chini yake muandike kitatange, na wale wawili wa kushoto muwaandike kwa jina lao kamili. Kwa kamati za wavuvi za shehia, kuanzia Wesha, Makoongwe na Kisiwa Panza, tunapokaa kupanga mambo ya madema tuupange na mwanya, kipimo kiwe kimoja kwa wote, ili mvuvi asione yeye peke yake ndiye anayeacha samaki watoke.

Dema moja nimeliacha halijafungwa upande mmoja, makusudi, mwanya uonekane kwa ndani na kwa nje. Liko chini ya mkungu, hatua chache kutoka gatini. Baada ya sala ya alasiri huwa nipo. Anayetaka kupima aje na rula, na akipenda aje na kitatange wake amjaribishe.

Msusi wa dema,
Wesha, Pemba
(jina langu unalo)